Meli ya watalii haifiki Newala

Machi 27, 2024, abiria wanane wa meli ya Norwegian Dawn walikuwa kisiwani São Tomé, kwenye Ghuba ya Guinea, wakitembezwa na mwenyeji waliyempata wenyewe bila kupitia melini. Walichelewa kurudi. Askari wa pwani wa São Tomé waliwakimbiza kwa boti hadi ubavuni mwa meli, ambayo ilikuwa bado imetia nanga, lakini hawakuruhusiwa kupanda. Baadhi yao walikuwa watu wazima sana, na mmoja alikuwa mjamzito. Meli iliondoka na mizigo yao. Walihangaika siku kadhaa wakivuka mpaka mmoja hadi mwingine, wakaikosa tena Gambia kwa sababu meli ilishindwa kuingia Banjul, na mwishowe wakaipata Dakar, Senegal.

Kampuni za meli hazihitaji tangazo zaidi ya kisa hicho. Abiria aliyenunua ziara ya meli, hata boti yake ikizimika katikati ya maji, meli itamsubiri au itagharimia kumfikisha bandari inayofuata. Aliyejipangia mwenyewe hasubiriwi. Ndiyo sababu watu hukubali kulipa pesa nyingi kwa saa tatu za kutazama samaki, bei inayozidi sana ile ambayo mwenye boti wa ufukweni angewatajia. Sehemu ya bei hiyo hubaki melini na kwa mawakala. Aliyeshika usukani wa boti, mwenye mashine na mafuta yake, hupata kilichosalia.

Abiria mwenyewe akiuliza afanye lipi, jibu linategemea umbali. Anayeshuka Zanzibar asubuhi anaweza kukodi boti Forodhani bila wasiwasi, akaenda Changuu, mwendo wa nusu saa hivi, akaogelea kwa miwani na mrija, akawaona kobe wakubwa ambao asili yao ni Shelisheli, na mchana akawa tayari anakula pweza mjini. Anayetaka Mnemba, upande wa pili kabisa wa Unguja, ana safari ya gari ya zaidi ya saa moja kwenda, nyingine kurudi, na bahari katikati. Huyo heri anunue ziara ya meli, au aache Mnemba kwa siku atakayokuja kulala.

Lakini upande wa kusini suala hili lina sura nyingine, na huko ndiko linakostahili kujadiliwa kwa uzito. Norwegian Dawn hiyohiyo ilikuwa imepita pwani ya Afrika Mashariki Januari 2024, ikiwa na wageni zaidi ya 2,000. Meli ndogo za kitalii zimekuwa zikitia nanga Kilwa Masoko ili abiria wavushwe kwenda kuona magofu ya Kilwa Kisiwani, yaliyomo katika orodha ya Urithi wa Dunia tangu 1981. Mtwara ina bandari ya asili yenye kina kirefu, gati jipya, na mji wa kale wa Mikindani pembeni yake, mahali alipoanzia David Livingstone safari yake ya mwisho mwaka 1866. Ni rahisi mtu akatamani kwamba siku moja meli hizo zije kwa wingi, zishushe wageni, na pesa ipande mlima hadi Newala na Masasi.

Haitapanda. Hesabu ya saa peke yake inatosha kulionyesha hilo. Meli ikifunga gati saa mbili asubuhi, abiria hutakiwa wawe wamerudi saa kumi au kumi na moja jioni. Kutoka Mtwara hadi Newala kupitia Nanyamba na Tandahimba ni kilomita zinazokaribia 140. Barabara hiyo ndefu ya kilomita 210, inayoishia Masasi, ina kipande cha kilomita 50 hadi Mnivata kilichokamilika kwa lami. Kilomita 160 zilizobaki wakandarasi walianza kuzijenga baadaye, kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika. Hata lami ikikamilika yote, hakuna kampuni ya meli itakayomweka abiria wake kwenye basi dogo kutwa nzima ili asimame dakika ishirini ukingoni mwa Shimo la Mungu, atazame bonde la Ruvuma lilivyotandazwa chini yake, kisha ageuze. Huyo mgeni atanunua kinyago cha mpingo Zanzibar, kwenye duka la mtaa wa Mji Mkongwe, ataambiwa ni cha Kimakonde, na uwanda wenye jina hilo hatauona hata kwa mbali.

Meli, tena, ni mgeni anayeogopa haraka. Novemba 2005 maharamia wa Kisomali waliishambulia Seabourn Spirit ikiwa njiani kwenda Mombasa, na katika miaka iliyofuata meli za kitalii ziliipa kisogo pwani ya Afrika Mashariki. Mwaka 2020 korona ilizifungia zote bandarini. Mwishoni mwa 2023 mashambulizi katika Bahari ya Shamu yalianza kuzilazimisha nyingi kubadili njia. Na Mtwara ina mzigo wake wa ziada: vita vya Cabo Delgado, ng'ambo ya Ruvuma, vilivyoanza Oktoba 2017. Oktoba 2020 wapiganaji walivuka mto wakakishambulia kijiji cha Kitaya. Serikali ya Uingereza imekuwa ikiwashauri raia wake wasiingie ukanda wa kilomita 20 kutoka mpaka huo bila sababu ya lazima, na neno kama hilo likishaandikwa, kampuni ya bima husoma kabla ya nahodha. Msimbati, penye matumbawe mazuri kuliko yote ya mkoa, haiko mbali na mdomo wa mto huo.

Wakati huohuo kuna mgeni mwingine ambaye hakuna anayempangia chochote. Yuko Masasi, nyuma ya vilima vya mawe vya Mkomaindo. Yuko Newala, Kitangari, Tandahimba. Oktoba ikifika, korosho zake ziko ghalani kwenye chama cha msingi, na minada ya vyama vikuu vya ushirika, MAMCU na TANECU, imeanza. Katika mnada wa kwanza wa TANECU wa msimu wa 2024/2025 bei ilivuka shilingi 4,000 kwa kilo. Pesa inapoingia hununuliwa bati, pikipiki, sare za shule, na hufanyika unyago na harusi. Watu husafiri. Na ni kipindi hichohicho ambapo kusi limekwisha, kaskazi bado halijakolea, na mvua hazijaanza kuusukuma udongo wa Ruvuma baharini. Maji ya Msimbati huwa maangavu kuliko wakati wowote wa mwaka. Ruhusa ya likizo ya Desemba nayo iko mlangoni.

Huyu ndiye mtalii wa karibu, mwenye pesa yake, asiyetishwa na tangazo la ubalozi, na anayerudi mwaka ujao na shemeji zake.

Kwa sasa, anapokwenda baharini, mara nyingi huenda kwa mtindo wa meli bila kupanda meli. Shule, kwaya au kikundi cha kuweka na kukopa hukodi basi alfajiri. Kutoka Masasi basi hushuka kupitia Ndanda, Nanganga, Mtama na Mnazi Mmoja, karibu kilomita 200 za lami, na kufika Mtwara jua likiwa limepanda. Watu hushuka Shangani, hupiga picha miguu ikiwa kwenye maji, hula chipsi na soda, wachache huvuka kwa kivuko kwenda Msangamkuu, na saa tisa kondakta anaanza kupiga honi. Bahari wameiona kama mtu anavyoona nyumba kwa kupita barabarani. Walichokwenda kukiona, kilicho hai chini ya maji, hakuna aliyekiona. Mtu wa Msimbati naye hakuuza kitu, maana basi halikufika kwake.

Basi hapo ndipo ushauri wa safari ya kujitegemea unapopata maana. Watu watano au sita, ndugu au wafanyakazi wa ofisi moja, washuke Mtwara kwa basi la kawaida, walale, na asubuhi wachukue gari kwenda Msimbati, kilomita 45 hivi. Gharama ya boti wagawane. Wamuulize mwenye boti habari ya maji kabla ya kupatana bei, kwa sababu saa nzuri ya kuogelea huamuliwa na mwezi, si na saa ya mkononi. Wakati wa bamvua maji hujaa na kupwa kwa nguvu, na mkondo katika mlango wa bahari wa Msimbati humbeba hata mwogeleaji hodari. Wakati wa maji mafu bahari hutulia, na wavuvi wa pale watakuambia saa ya kuingia bila kutazama karatasi.

Ruvula, kwenye ncha ya rasi, mwamba uko karibu kiasi kwamba mtu huanza safari kwa miguu. Miwani huvaliwa hivi: unatema mate kidogo kwenye kioo, unasugua kwa kidole, unasuuza kwa maji ya bahari, ili ukungu usijikusanye. Nywele au kilemba visibanwe chini ya mpira wa miwani, hata uzi mmoja, la sivyo maji yataingia na kukujaa puani. Mrija unaubana kwa meno na unapumua kwa mdomo taratibu, ukiwa bado umesimama kwenye maji ya kiunoni. Dakika tano za mwanzo mwili hukataa, kwa kuwa kila mtu amefundishwa tangu utotoni kutopumua uso ukiwa majini. Kisha hukubali. Chini kuna mchanga mweupe, halafu majani ya bahari, halafu matumbawe yanaanza: mengine kama pembe za paa, mengine mviringo na mazito. Kitu cha kwanza kinachomshangaza mtu ni mlio. Pono, kwa mdomo wake kama wa kasuku, hukwangua mwamba, na mkwaruzo wake husikika chini ya maji waziwazi. Kwa mtu wa Newala aliyemjua samaki maisha yake yote kama ng'onda wa sokoni, mkavu, mwenye chumvi, aliyepasuliwa katikati, kumwona tasi na kangaja wakigeuka kwa pamoja kwenye mwanga ni jambo analostahili kulipata angalau mara moja.

Eneo hilo lote ni sehemu ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyotangazwa mwaka 2000, yenye kilomita za mraba 650 za bahari, mikoko, visiwa na vijiji. Watafiti wamehesabu humo zaidi ya aina 250 za matumbawe na aina zipatazo 400 za samaki. Kati ya Julai na Novemba nyangumi wenye nundu hupita nje ya miamba wakiwa na watoto wao. Mtanzania hulipa kiingilio kidogo mno kikilinganishwa na cha mgeni wa nje. Hayo yote yako umbali wa siku moja ya basi kutoka Masasi.

Kuna hofu, na haifai kudharauliwa. Uwanda wa Makonde hauna mito juu yake. Vizazi vya akina mama wa Newala viliteremka mabondeni kutafuta maji na kuyapandisha kichwani, na hata mradi wa maji wa Makonde, ulioanza katika miaka ya 1950, umepitia vipindi virefu vya mabomba makavu. Mtoto aliyelelewa mahali ambapo maji hupimwa kwa ndoo hakupata mahali pa kujifunza kuogelea. Kumwambia ajitupe baharini kwa sababu ni likizo ni kumhatarisha. Kwa hiyo safari yenyewe ianzie kwenye maji ya kiunoni, jaketi okozi livaliwe kuanzia ufukweni na si baada ya boti kuyumba, na asiyejua kuogelea aelee akiwa ameshika boya pembeni ya mwongozaji wake. Mwenye kuelea na jaketi huona samaki walewale.

Kwa wanawake kuna jambo la ziada, ambalo wapangaji wa safari husahau. Wengi wa Newala na Tandahimba ni Waislamu, na mama hatavua mtandio wake mbele ya vijana asiowajua ili aone pono. Nungwi, kaskazini mwa Unguja, mradi wa Panje uliwafundisha wasichana kuogelea wakiwa wamevaa mavazi ya stara, wakifundishwa na wanawake wenzao. Chumbe, kisiwa ambacho mwamba wake ulipewa ulinzi mwaka 1994 na ambacho baadhi ya walinzi wake wa mwanzo walikuwa wavuvi, huwapokea wanafunzi wa Zanzibar bila malipo na kuwafunza kuutazama mwamba huo. Msimbati ikiwa na waongozaji wanawake wawili watatu, idadi ya wateja wa kutoka milimani itaongezeka mara moja.

Mwamba huo unaotazamwa leo ulikombolewa kwa taabu. Kwa miaka mingi Mtwara ilikuwa miongoni mwa maeneo yaliyoumizwa zaidi na uvuvi wa baruti: mlipuko mmoja, kapu la samaki, na shimo la kifusi ambalo matumbawe huchukua miongo kulifunika. Katika miaka ya 1990 wavuvi wa vijiji vya Mtwara, Lindi na Kilwa waliunda Shirikisho lao kuupinga, kabla hifadhi haijatangazwa. Hifadhi yenyewe haikupokewa kwa mikono miwili kila mahali. Kijiji cha Nalingu kiliipinga waziwazi, na malalamiko ya wavuvi wake yalieleweka: wamezuiwa nyavu na maeneo waliyozoea, na mapato ya utalii waliyoahidiwa hawayaoni. Malalamiko hayo hayataondoka kwa meli moja kubwa itakayopita mbali ikielekea Zanzibar. Yanaweza kupunguzwa na boti ishirini ndogo zinazolipwa mkononi, mbele ya kijiji, msimu hadi msimu.

Kuruwitu, kaunti ya Kilifi nchini Kenya, wamekwisha kuonyesha kwamba inawezekana. Wavuvi wa pale, walipoona samaki wanapungua, walitenga wenyewe kipande cha bahari chenye ukubwa wa hekta 30 hivi na kukiacha bila kuvua, tangu miaka ya katikati ya 2000. Samaki walirudi, na mwaka 2017 jumuiya yao ikapata Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa. Mgeni anayefika huongozwa na watu wa pale, akalipa pale, akaogelea mahali ambapo mwongozaji wake aliwahi kutega mitego. Wasini, kusini zaidi, akina mama walijenga njia ya mbao juu ya mikoko na matumbawe ya kale, na wanatoza kiingilio wanachokipanga wenyewe.

Ubishi wa haki dhidi ya safari za kujitegemea upo. Mnemba ni ushahidi: boti nyingi kwa wakati mmoja, manahodha wakishindana kuwakimbiza pomboo, nanga zikitupwa juu ya matumbawe, wageni wakisimama kwa mapezi juu ya viumbe waliochukua miaka mingi kukua kiganja kimoja. Boti isiyosajiliwa, isiyo na jaketi, inayoendeshwa na kijana aliyekunywa, ni hatari zaidi ya ziara yoyote ya meli. Meli zina nidhamu ambayo lazima iigwe. Huhesabu watu wanaposhuka na kuhesabu tena wanapopanda. Hujua saa ya kurudi. Huandika majina. Hakuna sababu boti ya Msimbati ishindwe kufanya vivyo hivyo kwa daftari la shule na kalamu.

Na meli zikija? Zipokelewe. Mikindani ina Boma la Wajerumani la mwaka 1895 lililokarabatiwa, ina vichochoro, ina watu wanaojua historia ya mji wao, na saa nne za abiria zinatosha kwa hayo. Mradi kinachojengwa kwa pesa za umma kisijengwe kwa ajili ya mgeni wa saa nne tu, wakati yule wa siku mbili hana hata mahali pa kuazima miwani.

Mambo yanayotakiwa kabla ya Oktoba hayahitaji mkopo. Hifadhi iweke bei ya Mtanzania kwa maandishi makubwa stendi ya Masasi na stendi ya Newala, pamoja na siku za maji mafu za kila mwezi wa msimu. TASAC, wakala wa serikali wa usafiri wa majini, ikague boti za Msimbati na kubandika kwenye kila moja idadi ya watu inayoruhusiwa. Halmashauri inunue majaketi, yakiwemo ya watoto, ambayo leo ni adimu, na yakodishwe na kikundi cha kijiji. Maboya yafungwe penye mwamba ili nanga zisitupwe. Vyama vya msingi, ambavyo tayari vinajua nani kalipwa lini, vinaweza kupanga safari za watu kumi kumi badala ya basi la watu sitini, na kumpigia simu mwenye boti juma moja kabla ili asiende kuvua siku hiyo.